Mwenye Mali Asibaki Langoni

Mtu akisimama Igoma asubuhi, kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma, hasa katika miezi ya Juni na Julai, huyaona magari marefu yenye paa la kufunguka yakipita kuelekea Kisesa, Magu na Lamadi. Ndani yake wamo wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia, wamevaa kofia pana na kuning'iniza darubini shingoni. Hawasimami Igoma. Wanaliwahi lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, safari isiyofika saa tatu kutoka Mwanza mjini. Mama auzaye nyanya kando ya barabara, kijana wa bodaboda angojaye abiria na mwanafunzi aendaye shuleni huyatazama magari hayo, kisha kila mmoja hurudia shughuli yake. Wameyazoea. Lakini ukiwauliza ni nani kati yao amewahi kulivuka lango lile wanakokimbilia wageni, utapata kicheko kwanza, na jibu baadaye.

Hatuna haja ya kufika Ndabaka ili kulithibitisha jambo hili. Katika Ghuba ya Mwanza, kiasi cha kilometa mbili tu kutoka katikati ya jiji, kipo Kisiwa cha Saanane, ambacho tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa kamili, sawa kwa hadhi na Serengeti yenyewe. Kutoka Igoma ni safari ya daladala hadi mjini, mwendo mfupi hadi Capri Point, na kuvuka kwa mashua kwa dakika chache. Hata hivyo wapo wakazi wa jiji hili waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa na kulea watoto hapa, na kila wapitapo ufukweni wanakiona kisiwa kile kimekaa majini na mawe yake, wasiwahi kukikanyaga hata siku moja.

Sisi tunaona kwamba hali hii haifai kuachwa iendelee. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea wivu wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fedha wanazoleta zinajenga barabara na kuwalipa watumishi. Tunasema hivyo kwa sababu mwananchi wa Mwanza, wa Magu, wa Busega na wa Bunda amekwisha kulipia hifadhi hizi kwa njia ambayo mgeni hakuilipia kamwe. Aliyekwisha kulipa hastahili kubaki langoni.

Tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hawezi kudai stahili yake. Kisiwa cha Saanane kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi humo. Mwaka 1964 Serikali ilikitwaa kisiwa kutoka kwake baada ya kumlipa fidia, ikaanzisha hapo bustani ya kwanza ya wanyama katika nchi hii. Haikuwekwa pale kwa ajili ya mtalii wa kutoka ng'ambo. Ilikusudiwa kuwapa wananchi mahali pa kuburudika, na kuwafundisha maana ya kuwahifadhi wanyama wao. Taifa changa, lililokuwa halijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, lilikuwa na upungufu wa madaktari, wahandisi na walimu. Bado liliona kwamba mkulima wa pamba na mvuvi wa sato wanastahili mahali pa kwenda na watoto wao siku ya mapumziko. Mwaka 1991 kisiwa kikafanywa Pori la Akiba, na hatimaye kikapanda daraja kuwa Hifadhi ya Taifa.

Miaka mitatu kabla ya bustani ile kuanzishwa, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tamko mashuhuri mjini Arusha, akiahidi kwa niaba ya nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru kwamba wanyama pori na makazi yao watalindwa kama amana ya vizazi vijavyo. Inasimuliwa pia kwamba Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa hakuwa na hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ila alitambua kuwa wageni wangependa kuwatazama na kwamba Taifa lingefaidika. Alisema ukweli wa wakati wake. Lakini sisi tuliokuja baadaye tumelishika lile la pili, la kuwauzia wageni, tukalisahau lile la kwanza, la amana. Amana ya vizazi huwaje amana, ikiwa vizazi vyenyewe havijaiona?

Lazima tuseme wazi kwa nini wananchi wengi huona kwamba hifadhi si mahali pao. Uvivu na ujinga, ambavyo baadhi ya watu hupenda kuvisingizia, havitoshi kulieleza jambo hili. Wakati wa ukoloni, Mzungu aliyempiga simba kwa bunduki aliitwa mwindaji hodari na akapigwa picha. Mwenyeji aliyemtega swala kwa ajili ya mboga ya watoto wake aliitwa jangili na akafungwa. Serengeti ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, mipaka iliwekwa juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wakiitumia kwa malisho, kwa uwindaji na kwa matambiko. Mwaka 1959 wafugaji wa Kimasai waliokuwa ndani ya mipaka hiyo walihamishiwa Ngorongoro. Upande huu wa magharibi, Waikoma, Wanata, Wasukuma na majirani zao waliona porini walikozoea kuwinda pakiwa mahali pa kukamatiwa. Mtoto aliyelelewa akisikia kwamba porini ni mahali pa kukimbizwa na askari, atakuwaje mtu mzima wa kupanga kwenda porini siku ya Sikukuu?

Hata leo, mwananchi aishiye mpakani mwa hifadhi hukutana na tembo usiku ndani ya shamba lake la mahindi, kabla hajapata nafasi ya kumtazama mchana kwa utulivu. Sheria imeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina yenyewe yanatosha kueleza. Hakuna aliyethubutu kuyaita fidia, kwa sababu kila mtu anajua kuwa jasho likifutwa, kazi iliyolitoa hairudi.

Hayo ndiyo malipo tunayoyazungumzia. Mkulima amelipa kwa ardhi asiyoilima, mfugaji amelipa kwa nyasi asizozilisha, na mvuvi wa hapa jijini amelipa kwa maji asiyoyavua. Hifadhi ya Saanane ina ukubwa wa kilometa za mraba 2.18 tu, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji. Ndani ya mipaka hiyo hakuna kutupa nyavu. Sababu moja iliyofanya kisiwa kilindwe tangu kilipokuwa Pori la Akiba ni kuyakinga mazalia ya samaki yaliyokizunguka. Sato anayevuliwa mbali na kisiwa, akauzwa sokoni, akafika kwenye sufuria Igoma, huenda alianguliwa katika maji tulivu yaliyolindwa na sheria hiyo. Mvuvi akielezwa jambo hili akiwa amekaa kisiwani, akionyeshwa kwa kidole matete na mawe ambamo vifaranga hujificha, ataelewa zaidi kuliko akisomewa amri mialoni na askari aliyekuja kuchoma makokoro.

Na ziwa hili limekwisha kutufundisha gharama ya kupoteza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1970, waliwakuta furu wa aina nyingi ajabu, kila aina na chakula chake na mahali pake. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka sana miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka mbele ya macho ya watafiti wale. Sangara ametuletea viwanda na fedha za kigeni, hatumlaani. Lakini ni vema mtoto wa Mwanza ajue kwamba katika ghuba anayoogelea palitokea mojawapo ya hasara kubwa za viumbe zilizoandikwa na wanasayansi katika karne iliyopita, na kwamba furu wa mawe walisalimika zaidi pembeni mwa visiwa vyenye miamba. Je, atalijua wapi jambo hili, kama si mahali lilipotokea?

Tena mtu akivuka kwenda Saanane, haendi kutazama maji na mawe matupu. Wapo swala pala, wapo pimbi wajianikao juu ya miamba, wapo tumbili, kenge, kobe na mamba, na ndege wa majini wa kila namna. Yupo pia mjusi wa mawe, dume lake lenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, ambaye watoto wetu humrushia mawe bila kufikiri. Wanasayansi wamempa mjusi huyo jina la jiji letu. Katika vitabu vyao anaitwa Agama mwanzae. Watu wa mbali humfahamu kwa jina la Mwanza, na sisi wa Mwanza hatujui hata kwamba ana jina.

Wasiwepo watakaosema kwamba kuwapenda wanyama ni desturi ya kigeni. Mtu wa Igoma akienda Bujora, pale Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma, ataonyeshwa habari za vyama vya ngoma vya wazee wetu. Walikuwako Bayeye, mabingwa wa nyoka na dawa za sumu yake. Walikuwako Banunguli, wawindaji wa nungu, walioyajua mashimo na nyendo za mnyama huyo kama mtu ajuavyo nyumba yake. Wazee wale walikuwa na elimu ya wanyama iliyopatikana kwa kutazama kwa subira miaka mingi. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa mtoto ambaye mnyama pekee aliyemwona ni mbuzi wa jirani na picha ya twiga kwenye daftari.

Sasa tuyatazame mapingamizi, maana yapo, na mengine ni ya haki.

La kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba raia hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiwango chake ni kidogo mno kikilinganishwa na dola anazolipa mgeni. Lakini baba mwenye watoto wanne hafanyi hesabu ya kiingilio peke yake. Huhesabu daladala kwenda na kurudi, mashua ya kuvukia, chakula, na kipato cha siku nzima atakachokikosa kwa kufunga kibanda chake. Akijumlisha, hubaki nyumbani. Kumwambia mtu huyo kwamba kiingilio ni nafuu ni kumpa nusu ya hesabu. Wapo pia wasemao kwamba penye shida ya maji na madawati, matembezi ni anasa. Tunawajibu kwamba madawati na yaletwe, na mtoto akaaye juu ya dawati hilo apelekwe Saanane. Mapumziko ya mtu afanyaye kazi siku sita kwa wiki hayawezi kuitwa anasa.

Pingamizi la pili ni hofu ya maji, na katika Igoma hofu hiyo haihitaji kuelezwa. Makaburi ya wahanga wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, 1996, yako hapo hapo Igoma. Watu wa mtaa huo wanaishi na kumbukumbu hiyo mlangoni. Tena mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mama akikataa kumpandisha mwanawe mashua, asichekwe. Atakayemtaka avuke ana wajibu wa kumwonyesha koti la kujiokolea kwa kila abiria, likiwamo la kipimo cha mtoto. Idadi ya abiria iliyoandikwa na kufuatwa. Na nahodha athubutuye kusema hapana siku ziwa linapochafuka. Kwa watu waliokwisha kuzika namna ile, usalama ndio mwaliko wa kwanza.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wahifadhi wenyewe. Husema kwamba kisiwa ni kidogo, na watu wakimiminika kitaharibika. Hoja hii ina uzito. Lakini dawa ya udogo ni utaratibu. Iwekwe idadi kwa siku, makundi yaandikishwe mapema, njia za miguu zifuatwe, na kila kundi liwe na kiongozi. Kufunga mlango kwa bei wakati ungeweza kufungwa kwa ratiba ni kumchagua mwenye fedha na kumwacha mwenye haki.

Ipo na sababu nyingine ya kuwakaribisha wenyeji, ambayo hata mwenye kupenda hesabu tu ataikubali. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege duniani, idadi hiyo ilishuka hadi kiasi cha 620,000. Mapato yaliyumba, wakati wanyama waliendelea kuhitaji ulinzi ule ule. Shughuli yenye kutegemea ndege za mbali peke yake ni kama shamba litegemealo mvua ya mwezi mmoja. Mwaka 2022 tuliialika dunia nzima kwa filamu ya Royal Tour, na ilikuwa vema. Tungependa kuona Igoma, Buhongwa na Kirumba navyo vikialikwa kwa bidii ile ile.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Wakuu wa hifadhi na halmashauri za Nyamagana na Ilemela wakae pamoja na kuhakikisha kwamba hakuna mwanafunzi anayemaliza shule ya msingi katika jiji hili bila kuvuka Saanane angalau mara moja, na gharama ya mtoto asiyeweza isiachwe juu ya mzazi peke yake. Itengwe siku moja katika kila miezi mitatu iwe siku ya wakazi, yenye bei moja kwa familia nzima, mashua ikiwa ndani yake. Wavuvi na viongozi wa mialo waalikwe kama wageni rasmi, wala si kama watuhumiwa. Maelezo yatolewe kwa Kiswahili fasaha, na kwa Kisukuma pale wazee wanapokuwapo. Kwa upande wa Ndabaka, vijiji vilivyo mpakani vipewe nafasi ya kuingia na kuwaona wanyama wale wale wanaovilia mazao. Haitamrudishia mtu mahindi yake, lakini itamwonyesha kwamba anahesabiwa.

Na sisi wananchi tunao wajibu wetu. Tunajua kuchangishana kwa ajili ya harusi, hata kadi zikatufuata kazini na nyumbani. Tunajua kukodi basi kwenda msibani na kwenye mechi ya mpira. Chama cha akiba cha akina mama, kwaya, madrasa, umoja wa waendesha bodaboda, na wafanyakazi wa kiwanda kimoja wanaweza kwa utaratibu ule ule kuweka kidogo kidogo kwa miezi kadhaa na kukodi basi moja hadi Ndabaka, au kujaza mashua kwenda Saanane siku ya Idi au Pasaka. Gharama ambayo mmoja hawezi kuibeba, hamsini hawaioni.

Tukifika huko, twende kama wenye mali. Mwenye mali hatupi chupa ya plastiki kwenye nyasi zake. Hamlishi tumbili andazi, maana tumbili aliyezoea andazi leo, kesho humnyang'anya mtoto mkononi, na kesho kutwa huuawa kwa kosa tulilomfundisha sisi. Hapigi muziki wa kuwakimbiza ndege aliokuja kuwaona. Hasogei ukingoni mwa maji kwa ushujaa wa kupigiwa picha, huku akijua kwamba mamba wa Saanane hajui tofauti ya mwenyeji na mgeni.

Usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Watoto wa Igoma watakuwa kesho madiwani, mahakimu, askari, wavuvi na wazazi. Mikononi mwao yatawekwa maamuzi juu ya mipaka, nyavu na bunduki. Siku hiyo watakilinda kitu walichokiona kwa macho yao, au wataacha kiuzwe kwa sababu hakijawahi kuwa chao. Mashua inaondoka Capri Point karibu kila siku, na mahali pa mtoto wa Igoma ni ndani yake, akiwa amevaa koti lake la kujiokolea, akiketi karibu na mama yake.